Bima ya ujenzi na ukarabati Dar: namna ya kuipanga kabla fundi hajapiga jembe la kwanza

Kama unajenga au unakarabati hapa Dar, iwe ni boma la Kibada, ghorofa ya Sinza au fremu za Tandika, bima ikatwe kabla kazi haijaanza. Sio baada ya msingi, sio ukishapaua, kabla. Kazi ikishafika katikati kampuni nyingi zinasita, zinaweza kukataa kabisa au zinakupokea kwa sharti kwamba kilichojengwa mpaka siku hiyo hakimo, na ukija wakati ukuta umeshaonyesha ufa ndo basi tena, ile sio ajali tena ni jambo linalojulikana na bima hailipi jambo linalojulikana. Nipo kwenye shughuli hizi za bima upande wa wateja na kinachoniuma ni kwamba watu wanaopoteza hela sio wale wasio na bima tu, ni pamoja na wale waliolipia karatasi ambayo haikuwahusu. Kwa hiyo ntaeleza kwa urefu pale ambapo watu wanaumia na pengine ntapita haraka.

Bima yenyewe ukifika ofisini wanaiita CAR, ndo bima ya kazi za ujenzi kwa hatari zote. Ina sehemu mbili. Ya kwanza inalinda kazi yenyewe, yaani zege, kuta, paa, na vifaa vilivyopo saiti vinavyosubiri kutumika, dhidi ya moto, mafuriko, upepo, wizi, kuporomoka, na hata uzembe wa mafundi. Ya pili inalinda mfuko wako pale kazi yako inapomdhuru mtu mwingine au mali yake, jirani, mpita njia, gari lililopaki nje. Kama kazi kubwa ni kufunga mitambo, mfano jenereta kubwa au lifti, kuna ndugu yake inaitwa EAR, lakini kwa nyumba za kuishi na fremu CAR ndo yenyewe.

Jina la nani limeandikwa

Hapa ndo pa kwanza kuangalia. Ukimpa kazi mkandarasi atakwambia "bosi bima ninayo", na kweli anayo, lakini ukiisoma unakuta imeandikwa jina lake peke yake na thamani ni ya mkataba wake yeye. Sasa Dar wengi tunajenga kwa mtindo wa ufundi tu, mkandarasi au fundi analeta nguvu kazi, wewe mwenye nyumba unanunua nondo, saruji, mabati, tailizi, milango. Nondo zikiibiwa au mabati yakibebwa na upepo, zile ni mali zako, hazipo kwenye mkataba wake na kwa hiyo hazipo kwenye bima yake. Dai kwamba wanaolindwa waandikwe wote: wewe mwenye mali, mkandarasi, mafundi wadogo wa umeme, bomba na aluminiam, na kama umechukua mkopo wa nyumba benki nayo itataka jina lake liwemo. Wote wakiwemo kuna faida nyingine, kampuni ikishakulipa hairudi nyuma kumdai fundi wako, kwa sababu na yeye ni mlindwa.

Ukiniuliza mimi nani aikate, ntakwambia mwenye nyumba. Hela unayotoa wewe kwa vyovyote, maana mkandarasi akiilipia anaiingiza kwenye bei yake, basi bora uishike mwenyewe ujue imeisha lini na masharti yake ni yapi.

Halafu kuna swali la fundi wa mtaani. Kampuni ya bima itauliza nani anajenga, amesajiliwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, daraja lipi, na kama ni ghorofa watauliza injinia anayesimamia na kibali cha ujenzi kutoka halmashauri yako. CRB wana madaraja kuanzia la kwanza mpaka la saba na kila daraja, ukiacha la kwanza, lina ukomo wa thamani ya kazi, kwa hiyo usimpe mtu wa daraja la saba kazi ya mnara halafu ukategemea bima itakuwa na wewe. Kwa kazi ndogo ya kuongeza chumba au kubadilisha paa baadhi ya kampuni zinakubali fundi asiyekuwa na usajili ilimradi kuna injinia ameandika na kusaini, ila sema ukweli kwenye fomu. Ukiandika mkandarasi wa daraja la tano wakati anayejenga ni shemeji yako, siku ya tatizo wataifuta bima yote na kisheria watakuwa sawa.

Ukarabati una mtego wake

Watu wanaojenga kiwanjani wana unafuu, hakuna kitu pale ila wanachojenga. Anayekarabati ana nyumba tayari ina thamani, na CAR ya kawaida inalinda kazi mpya tu, ile nyumba iliyokuwepo haimo. Yaani unabomoa ukuta wa sebule ili upanue, slabu ya juu inakuja chini, bima inakulipa ukuta mpya wa milioni nne na slabu ya milioni hamsini unabaki nayo mwenyewe. Kinga yake ni kuomba kipengele cha mali iliyokuwepo kiongezwe, na nyumba ya zamani iwekewe kiasi chake peke yake. Watataka ripoti ya injinia inayosema nyumba iko vipi sasa hivi na nguzo zinabeba vipi, na watataka picha. Piga picha nyingi kila chumba, dari, sakafu, nje, kabla ya nyundo ya kwanza, zitume kwa imeili siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki.

Na kama nyumba yako ina bima ya moto ya kawaida usidhani itakubeba wakati wa ukarabati. Bima nyingi za nyumba zina sharti kwamba mabadiliko yanayoongeza hatari lazima uyaripoti, na zingine zinapunguza kinga nyumba ikikaa tupu siku kadhaa, mara nyingi 30. Sasa wewe umehamia kwa dada yako Mbagala miezi mitatu kupisha mafundi, wachomeleaji wa geti na grili wako ndani na cheche zinaruka kwenye mbao na povu la makochi, umeme umeunganishwa kwa waya za kuning'inia, hiyo sio nyumba ile uliyoikatia bima. Andika barua au imeili fupi kwa kampuni: naanza ukarabati tarehe fulani, kazi ni hii, itachukua muda huu, naomba mthibitishe kinga inaendelea. Wakijibu lihifadhi hilo jibu. Wakitaka nyongeza ya hela kidogo lipa.

La paa ni la kuangalia sana. Ukifungua paa Machi ukasema mabati mapya yanakuja wiki ijayo, masika ya Dar hayasubiri mtu, na kampuni zinategemea uwe umeweka turubai na umefungua kipande kwa kipande. Maji yaliyoingia kwa sababu umeacha nyumba wazi wanayaona ni uzembe wako mwenye nyumba, sio ajali. Kazi za paa na za kuchimba ni bora uzipange Juni mpaka Septemba ukiweza.

Thamani, usijipunje

Hili linaua klemu nyingi, yaani madai ya kulipwa na bima, kuliko wizi. Thamani unayoandika ni ya kazi yote mpaka imeisha, vifaa pamoja na ufundi pamoja na usafiri pamoja na ada za injinia na mchoraji, pamoja na vile ulivyonunua mwenyewe. Sio hela uliyonayo benki leo, sio bei ya ufundi peke yake.

Chukulia nyumba itakayogharimu milioni 180 mpaka kukabidhiwa, wewe kwa kutaka ada iwe ndogo ukaandika 120. Umekata bima ya theluthi mbili. Ikitokea hasara ya milioni 30 hawatakupa 30 kwa kusema mbona bado ipo ndani ya 120, watakupa theluthi mbili yake yaani milioni 20, halafu wanatoa eksesi, kile kiasi unachobeba mwenyewe kila ajali. Kwa hiyo umeokoa ada ya laki kadhaa ukapoteza milioni 10. Na ada yenyewe kwa jengo la kawaida ni asilimia ndogo ya thamani, mara nyingi haifiki asilimia moja, VAT inakaa juu yake, uliza bei waliyokutajia ina VAT au bado.

Bei za vifaa zikipanda katikati ya kazi, na saruji na nondo tunazijua, omba thamani ipandishwe kwa barua ya nyongeza. Kama una BOQ, ile orodha ya kazi na vifaa na bei zake iliyoandaliwa na mkadiriaji majenzi, ni rahisi sana, unaambatisha hiyo. Kama huna, kaa na fundi mwandike orodha kwa hatua, msingi, kuta, renta, kupaua, finishing, mweke bei za hadwea za leo.

Eksesi nayo usiipite. Zinakuwa tofauti kwa wizi, kwa mafuriko, kwa kuporomoka, na ofa ya bei rahisi mara nyingi ina eksesi kubwa ya maji na mafuriko. Ukijenga Jangwani, Kigogo, bondeni Tabata au Msasani chini, hiyo ndo namba ya kwanza kuisoma kabla hata ya ada.

Wanachokataa

Makosa ya ramani na mahesabu ya injinia hayamo kwenye bima ya kawaida, hayo yanabebwa na bima ya kitaaluma ya injinia mwenyewe, muulize kama anayo. Gharama ya kurudia kazi mbovu nayo haimo. Mfano nguzo imemwagwa zege dhaifu ikaanguka ikavunja ukuta, ukuta watalipa, nguzo utaimwaga upya kwa hela yako. Kuchakaa, kutu, faini za kuchelewa, hayo hayamo. Upungufu uliogundua kwa kuhesabu stoo haumo, yaani ukisema "nilikuwa na mifuko 200 sasa iko 170" bila ushahidi wa mtu kuvunja na kuingia, hakuna wizi hapo machoni pao. Ndo maana stoo iwe na kufuli, mlinzi awepo na daftari la kuingiza na kutoa liwepo.

Ila kubwa kwa mji wetu ni kusimama kwa kazi. Tunajenga kwa kudunduliza, msingi mwaka huu, kuta mwakani, boma linakaa miaka miwili likisubiri mabati. CAR inaandikwa kwa muda maalum wa kazi inayoendelea, na kazi ikisimama kinga inaweza kusimama nayo. Kwa hiyo usikate bima ya miezi 12 kwa kazi ambayo unajua itasimama miezi minane. Igawe, kata bima kwa awamu unayoifanya na hela yake unayo mkononi, na ukisimama waandikie mapema, waambie saiti imefungwa, kuna mlinzi, vifaa vimeondolewa, waombe kinga ya kipindi cha kusimama hata kama ni ya moto na mafuriko tu. Na kama muda unaelekea kuisha kazi haijaisha omba nyongeza kabla ya tarehe, hata wiki mbili kabla, maana ikishapita siku moja mnaanza upya na wanaweza kuja kukagua.

Majirani

Machi 29 mwaka 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka mtaa wa Indira Gandhi likiwa bado linajengwa, watu 36 walifariki, na waliokuwa chini pale hawakuwa mafundi peke yao. Novemba 16 mwaka 2024 likaanguka jengo la ghorofa nne Kariakoo likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani, na kilichozungumzwa sana ni kuchimba chini kwa ajili ya kupata nafasi zaidi. Kuchimba chini na kuongeza juu ya jengo lililopo ndo kazi mbili za kuogopa kuliko zote, na ndo kazi ambazo mtu mwenye fremu Kariakoo, Manzese au Mbagala anashawishika nazo kwa sababu kila futi inaingiza kodi ya pango. Kama kazi yako inagusa msingi, bima ije baada ya injinia na kibali, haiwezi kushika nafasi yao.

Kwenye sehemu ya pili ya bima weka kikomo cha maana. Usiandike milioni kumi kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi, angalia kushoto na kulia kwako kuna nini, jirani ana ghorofa, kuna shule, kuna barabara ya daladala, halafu weka kiasi kinachofanana na hayo. Ukiwa unachimba karibu na ukuta wa mtu omba kipengele cha mtikisiko na kudhoofisha msingi wa jirani, bila kukitaja kwa kawaida hakimo, na hata kikiwemo kinalipa jengo likianguka lote au sehemu, nyufa za urembo hazilipwi. Kwa hiyo nyufa inabidi uzimalize kwa njia nyingine: kabla ya kuchimba nenda kwa jirani kwa heshima, ikiwezekana na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mpige picha kuta zake mkiwa wote, msaini. Nyufa za zamani zitabaki kuwa za zamani na mpya zitajulikana ni zako.

Wanaofanya kazi

Watu wengi wanadhani fundi akianguka kwenye jukwaa ile sehemu ya pili itamlipa. Hailipi, fundi sio mtu wa nje ya kazi. Mkandarasi aliyesajiliwa anatakiwa awe mwanachama wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na mchango ni wa mwajiri peke yake, asilimia 0.5 ya mishahara, hakuna kumkata kibarua. Mwombe cheti cha WCF, na saiti iwe imesajiliwa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Sasa kama umeajiri mwenyewe saidia fundi sita wa kulipwa jioni, mwajiri ni wewe na lawama ni yako, kakate angalau bima ya ajali binafsi ya kundi kwa hao watu, inaandikwa kwa idadi na majina, inalipa matibabu, ulemavu na kifo. Ni hela ndogo kulinganisha na kijana wa watu aliyevunjika mgongo akibeba zege lako na mama yake yuko Kilosa hana pa kushika. Hili naliomba kabisa kwa kila anayesoma, usiliruke.

Kwenda kukata

Unaweza kwenda moja kwa moja kampuni ya bima, kwa wakala, kwa benki yako, au kwa broka, yaani dalali wa bima. Kwa bima ya gari wakala anatosha, kwa ujenzi mimi nakushauri broka, kwa sababu wakala anafanya kazi ya kampuni na broka anatakiwa kufanya kazi yako wewe, atakuletea bei za kampuni tatu nne na siku ya klemu anasimama na wewe. Wote lazima wawe na leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, usione aibu kuomba kuiona.

Beba kibali cha ujenzi, ramani, BOQ au ile orodha, mkataba na mkandarasi, usajili wake, ratiba ya kazi, kitambulisho na TIN, na kama ni ukarabati ripoti ya injinia na picha. Kwenye fomu jibu kila swali, kama kuna mto au mfereji karibu sema, kama maji yalishawahi kuingia sema. Wakikuletea ofa, soma ukurasa wa masharti kabla ya ukurasa wa bei.

Lipa kwenye akaunti ya kampuni au kwa namba ya malipo waliyotoa kampuni, sio kwenye simu ya mtu hata kama mnafahamiana. Bila ada kulipwa hakuna kinga, ahadi ya "nitalipa mwisho wa mwezi" haina kazi hapa. Ukishalipa unapewa kavanoti, ile hati ya kuthibitisha una bima, nayo uihakiki kwenye mfumo wa TIRA MIS kwa kutumia namba iliyopo juu yake, ikigoma kuonekana rudi ofisini siku hiyo hiyo, kazi isianze. Angalia majina, mtaa na kiwanja, tarehe ya kuanza na kuisha, vipengele vya nyongeza ulivyoomba kama vimeandikwa. Kilichosemwa kwa mdomo hakipo.

Ikitokea

Okoa watu kwanza. Moto au jengo kuanguka piga 114 Zimamoto. Wizi nenda polisi uchukue RB, namba ya taarifa yako, siku hiyo. Halafu waarifu kampuni au broka mara moja, kwa simu halafu kwa maandishi, mikataba mingi inataka ndani ya siku chache na kuchelewa ni sababu tosha ya kukusumbua. Zuia hasara isiongezeke, funika, egemeza mirunda, hamisha saruji kutoka kwenye maji, lakini usisombe kifusi na usianze kujenga upya kabla asesa, mkaguzi wa hasara, hajafika, kila unachogusa kipige picha kwanza. Usimwahidi jirani kwamba utamlipa na usisaini naye karatasi ya kukubali kosa, mpe pole, mpe namba ya broka, kukubali mapema bila kampuni kujua kunaweza kukuharibia klemu.

Risiti za hadwea hapa ndo dhahabu. Omba risiti ya EFD kila ununuzi, picha yake itupie kwenye simu kwa sababu ile karatasi inafutika kwa joto ndani ya miezi michache.

Wakikupa kiasi usichokubaliana nacho usisaini hati ya kupokea malipo ya mwisho, andika kwamba unapinga na kwa nini, omba ripoti ya asesa. Wakikukwamisha peleka malalamiko TIRA, na ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ambayo iliwekwa kwa ajili ya mwananchi wa kawaida asiye na uwezo wa kesi ndefu.

Ukimaliza

CAR inaisha siku ya kukabidhiwa au siku unapoanza kutumia jengo, hata kama tarehe kwenye karatasi bado. Ukiingiza mpangaji fremu mbili za chini wakati juu bado mnapiga plasta, zile fremu mbili zinaweza kuwa zimeshatoka kwenye bima, waambie kwanza. Kama mkataba una kipindi cha kurekebisha kasoro, miezi sita au 12, omba kinga ya kipindi hicho tangu mwanzo kwenye bima ile ile, ili mkandarasi akirudi kurekebisha bomba akaharibu kitu kiwemo.

Na wiki moja kabla ya kuhamia anza kupanga bima ya nyumba, ianze siku ile ile CAR inapokoma, kwa thamani ya jengo jipya bila kiwanja. Kwa wenye majengo ya biashara hii sio hiari tena, mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022 yaliyaingiza kwenye orodha ya bima za lazima, kwa hiyo mwenye fremu awe na kavanoti ya jengo kabla ya kumpa mpangaji funguo.